Tanki Lisilojaa

Kama choo cha nyumbani kwako hakijawahi kujaa tangu kijengwe, na jambo hilo hukupa raha, basi haya nimeyaandika kwa ajili yako. Raha hiyo nami niliijua. Miaka tisa tulikuwa na choo cha ndani cha kumwaga maji, na hata siku moja hatukuita gari la kunyonya. Wageni wakiuliza nilikuwa nawajibu huku kichwa kimevimba, "Hicho alichimba mwenyewe Makori." Makori ni mume wangu.

Makori ni fundi wa septiki. Kuanzia Keumbu mpaka Itumbe watu walimjua kwa jambo moja: matanki yake hayajai. Mafundi wengine husakifu chini ya tanki kwa zege, yeye akawa anawacheka. Yeye alichimba mpaka afike kwenye udongo aliouita udongo wenye kiu, akajenga kuta za mawe, na chini akaacha wazi. Kabla ya kufunika slabu, alimwaga pipa zima la maji mle ndani mbele ya mwenye nyumba, kisha watu wote wakaenda kula. Wakirudi wanakuta maji yamekwisha. Nimeona kwa macho yangu wanawake wakipiga vigelegele juu ya shimo tupu. Hakuna aliyeuliza maji yale yalikwenda wapi, na mimi niliyekuwa nimebeba sufuria za chakula sikuuliza.

Sasa uelewe jinsi tunavyokaa. Mashamba yetu huku, nje kidogo ya Kebirigo, ni membamba. Kila mwana wa kiume alirithi ukanda wake unaoanzia barabarani juu ya kilima na kuishia bondeni. Juu kuna nyumba, katikati majani chai, chini migomba, na chini kabisa chemchemi moja iliyowekewa bomba, tunayoichota sote. Nyumba zote za ukingo wetu ziko juu, na maji ya kunywa ya wote yako chini.

Mwaka mmoja kabla ya mimi kuugua, tulimzika Gesare, rafiki yangu, mke wa Mwalimu Ondieki wa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alishikwa na homa, wakamtibu nyumbani, akapata nafuu, ikamrudia. Tumbo likavimba ghafla. Alifika hospitali akiwa hajui hata mume wake. Mimi ni mshonaji, nashona sare za shule na nguo za kanisani, na vipimo vya Gesare nilikuwa navyo kwenye daftari. Nilimshonea nguo ya kuzikwa kwa vipimo hivyo, ikakataa kufunga tumboni. Ilibidi nifumue upande na kuongeza kitambaa huku nikilia. Mazishini wengine walisema ni presha, wengine wakanong'ona kuhusu watu wabaya. Tulipomaliza tulikunywa chai iliyopikwa kwa maji ya chemchemi.

Homa yangu ilianza mvua ndefu zilipokolea. Kichwa kiliuma, kisha viungo, kisha chakula kikawa na ladha ya udongo. Nilikwenda kwa duka la dawa sokoni. Kijana wa pale alinidunga kidole, akasubiri kidogo, akaniambia kwa furaha, "Ni taifodi kidogo tu, mama." Nilidungwa sindano siku tano. Nilipona kabisa, nikarudi kwenye cherehani yangu, na wiki ya tatu homa ikarudi. Nikarudi kwa kijana. "Ni taifodi kidogo bado." Sindano nyingine tano. Nilijipima kiuno kwa utepe wangu: kutoka inchi thelathini na nne nilikuwa nimefika ishirini na tisa. Wateja walinisifu kwamba nimependeza.

Ukiambiwa taifodi kidogo mara mbili, ndugu yangu, usingoje ya tatu. Mimi ningekwenda hospitali kubwa siku ile, nisingebebwa nilivyobebwa.

Ilikuwa Ijumaa, siku ya maandalio. Sisi ni Wasabato, na Ijumaa kila nyumba huchota maji ya kutosha mpaka Sabato ipite. Foleni pale chemchemini ilikuwa ndefu. Nilipoinama kuweka mtungi chini ya bomba nilisikia kitu tumboni kikiachia, kama uzi uliovutwa sana. Halafu maumivu yakaja, nikapiga magoti ndani ya maji. Wanawake waliniketisha kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne wakakibeba na kupanda nacho kilima chote. Nakumbuka tumbo langu lilikuwa gumu kama ubao. Nakumbuka pia nilimwaza Gesare na kitambaa kile nilichoongeza upande.

Kule Kisii mjini tulikaa kwenye benchi la saruji. Makori alikuwa bado na buti zake za kazi, matope mekundu yamekaukia kwenye kamba. Kila jina lilipoitwa aliinuka hata kama halikuwa langu. Daktari aliyenishika tumbo hakunishika mara mbili. Alisema utumbo umetoboka, lazima nipasuliwe sasa hivi, na kwamba hatanidanganya, ni kufa kupona. Makori aliweka sahihi. Sahihi ilikwenda mshazari, yeye anayepiga plasta ukuta mzima bila kutumia rula.

Nilipozinduka nilikuwa na kidonda kutoka kifuani hadi chini ya kitovu, na upande wa kulia wa tumbo kulikuwa na kitu chekundu, kilicholowa, kimechomoza kama kitufe kikubwa. Juu yake walikuwa wamebandika mfuko. Nilidhani ni jambo la usiku mmoja.

Aliyenifundisha ukweli ni Sista Akoth, muuguzi kutoka kule ziwani, mama mwenye sauti nene na mikono ya upole. "Mama Nyaboke, hiki ni kipande cha utumbo wako," aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu. "Choo kitapitia hapa mpaka ndani pale papone. Miezi kama mitano hivi, halafu daktari akirudishe ndani. Kiangalie, usikiogope."

"Sista, hiki kitu kinasonga."

"Kinasonga kwa sababu uko hai. Wengine walioletwa wiki hii, chao hakisongi."

Nilikiita Mgeni. Mgeni alikuwa hana adabu. Alitoa sauti daktari akiwa anazungumza, alijaza mfuko mara sita kwa siku, na mfuko ukivuja ngozi iliungua kama imemwagiwa pilipili. Wiki ya kwanza nililia kila ulipobadilishwa. Wiki ya pili mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye alikuwa na Mgeni wake mwenyewe, alinionyesha jinsi ya kukunja kitambaa chini ili mfuko usining'inie. Sijui kama alipona. Nilipoamka siku moja kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya, na sikuwa na moyo wa kuuliza.

Siku tuliyoruhusiwa kwenda nyumbani, Sista Akoth alikaa na fomu. Akamuuliza Makori tunakunywa maji gani.

"Ya chemchemi. Safi kama kioo, sista."

"Na choo?"

Makori alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu tufike. "Choo yangu haijawahi kujaa, miaka tisa. Mimi ndio fundi."

Sista aliacha kuandika. "Kama haijai, inaenda wapi?"

Makori alicheka. "Udongo inakunywa."

"Na udongo ikishakunywa?" Sista aliuliza, lakini wakamwita wodi nyingine, akaondoka na fomu yake. Mume wangu alikuwa bado anatabasamu. Mimi nilikuwa nashughulika na Mgeni, nikaliacha swali lile pale kitandani.

Nilirudi nyumbani Julai, wakati wa baridi na ukungu, wakati majani chai hayakui haraka na watu wanakaa jikoni. Kiuno kilikuwa inchi ishirini na sita. Nywele zilitoka kwa vishungi. Makori alihamia kochi la sebuleni, akasema anaogopa kunigonga usingizini. Huenda ilikuwa kweli. Lakini nilikuwa nimemwona akigeuza uso nilipofungua mfuko, na sijui ni lipi kati ya kidonda na uso ule lililoniuma zaidi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na sasa tulikuwa tunaongea kuhusu ng'ombe tu.

Mara sita kwa siku nilikwenda choo chetu cha ndani, nikamwaga mfuko, nikavuta maji. Kwa kuwa niliona aibu ya harufu, nilimwagia dawa nyeusi ya choo, ile ambayo ikigusa maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Sikuipima. Niliimwaga asubuhi, mchana na jioni, mpaka nyumba nzima ikanuka kama wodi. Maji yalizunguka, yakashuka, choo kikameza kila kitu kama kilivyomeza miaka yote.

Rehema zangu wakati ule zilikuwa ndogo. Nilishona vifuko vya kuficha mfuko kutoka kwa mabaki ya sare: bluu ya shule ya msingi, kijani cha sekondari, na kimoja cha maua cha Sabato. Na alikuwapo mama mkwe wangu, mong'ina, yaani bibi mzee, Bosibori. Kila asubuhi aliniletea uji wa wimbi, akakaa nami na kunisimulia habari za watu waliokufa zamani. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini na macho yake yalikuwa yamefifia, lakini pua yake ilijua nani amepita njiani na alikula nini. Kwenye korido ya choo chetu hakukanyaga. Kwetu kuna chinsoni, heshima ya mzazi na mtoto aliyeoa, na mama hawezi kuketi mahali anapoketi mwanawe. Alikuwa na choo chake cha shimo kule kando.

Maji ya kuchemsha pia hakuyataka. Mimi nilichemshiwa yangu kwenye birika langu, kama mgonjwa. "Hiyo maji imekufa," alisema. "Mimi nakunywa ile iko hai." Alijichotea mwenyewe mtungini kwa kopo lake.

Agosti ikapita. Mvua zilianza kurudi, nzito, za kila alasiri. Bosibori alianza kulalamika kwamba chai ina ladha ya josho la ng'ombe. Tulimwambia ni uzee. Wanawake wa foleni nao wakasema wameona povu asubuhi pale kwenye bomba. Wakaanza kuangaliana. Mmoja alisema kuna mtu anayechafua maji makusudi, na walipolisema hilo walitaja majina kwa sauti ya chini. Niliogopa, maana najua maneno hayo ya uchawi huweza kufika wapi huku kwetu.

Mwisho wa Septemba ikaja Sabato ya Meza ya Bwana. Kwetu kabla ya meza watu hutawadhana miguu, wawili wawili, wanaume chumba chao, wanawake chao, mbao tu kati yao. Unapomwosha mwenzako miguu ndipo unapomwomba msamaha kama kuna neno kati yenu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kanisani tangu nipasuliwe. Nilivaa kifuko cha maua na gauni pana. Mashemasi walikuwa wamechota maji ya chemchemi Ijumaa, wakayapasha moto kidogo na kumimina kwenye mabeseni.

Bosibori alinichagua mimi. Nilimwambia, "Yaya, hapana, mama, mimi ndiye nikuoshe," akakataa, akapiga magoti kwa shida mbele yangu na kuingiza miguu yangu kwenye beseni. Mvuke ukapanda. Na ndani ya mvuke ule ikapanda harufu ya chumba changu, ile ya dawa.

Nilijua ni mimi. Nilishika tumbo nikaamini mfuko umepasuka pale mbele ya kanisa. Mwanamke wa beseni la pili alikunja pua na kunitazama, kisha wa tatu. Damu yote ilinipanda usoni. Nikainuka nikimbie, Bosibori akanishika kifundo cha mguu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Kaa chini, Kemunto," akasema, akiniita kwa jina langu mwenyewe. "Sio wewe." Akainama, akachota maji kwa kiganja, akayanusa. "Ni maji. Hii maji inanuka choo yako."

Kila mwanamke alinusa beseni lake. Mimi nilitazama yale maji yaliyozunguka vidole vyangu na nikaelewa kila kitu kwa mara moja, kuanzia swali la sista mpaka gauni la Gesare. Dawa ile haikuwa imeshuka peke yake. Mara sita kwa siku, tangu Julai, nilikuwa nautuma ugonjwa wangu bondeni, na mama mkwe wangu alikuwa anauchota kwa kopo. Heshima ilimkataza kuketi kwenye choo chetu. Hakuna aliyemkataza kukinywa.

Jioni ile, Sabato ilipokwisha, nilimwambia Makori. Alipiga meza.

"Tanki yangu haivuji! Unataka kuniua na njaa?"

"Baba Nyaboke, haina sakafu. Itavuja nini na haina sakafu?"

"Watu wote wako na choo. Kwa nini ikuwe yangu?"

"Kwa sababu dawa ni yangu. Nani mwingine anamwaga hiyo dawa?"

Siku ya nne niliacha dawa kabisa, nikamwambia anipatie wiki mbili tuone. Kwa wiki mbili nilichemsha maji ya nyumba yote, na Bosibori akaniambia ninawaua kwa maji maiti, akaendelea kunywa yake kwa siri. Harufu chemchemini ikapotea. Kisha Makori mwenyewe, kwa ukaidi wake, akachukua chupa mbili nzima za dawa, akazimwaga chooni mchana wa mvua, akavuta maji mara kumi. "Sasa tuone," akasema.

Kila asubuhi alishuka bondeni. Siku ya kwanza alirudi akipiga mluzi. Ya pili vilevile. Siku ya tano sikusikia mluzi. Alikuja akakaa kwenye ngazi ya mlango, kofia mikononi, akaanza kutaja majina polepole kama mtu anayesoma waliokufa. Kwa Nyamweya. Kwa wajane wale wawili. Kwa yule wa lori, Keumbu. Kile cha kanisa. Kwa Mwalimu Ondieki. Alikuwa anataja matanki yake, na chini ya kila jina mimi nilikuwa naona chemchemi.

Wiki hiyo hiyo Bosibori alishikwa na homa.

Sikumpeleka kwa kijana wa taifodi kidogo. Nilimfunga leso, nikiwa na Mgeni wangu kiunoni, tukaenda moja kwa moja Kisii, nikakaa kwenye benchi lile lile la saruji. Nilimwambia daktari, "Sitaki kusikia ni kidogo." Siku kumi na moja alilazwa. Makori alisimama kando ya kitanda cha mama yake, ametazama dripu inavyodondoka. Bosibori alipona, Mungu ashukuriwe, lakini hakurudi mzima. Sasa hutembea akishika ukuta, na habari za watu wa zamani anazichanganya.

Makori alifungua tanki letu. Alilikausha, akasakifu chini kwa zege, akagawa vyumba viwili, akapiga plasta kila ukuta, na maji yanayotoka akayapeleka kwa mtaro wa kina kifupi mbali na bonde, kwenye migomba ya kando ya barabara. Alifanya kazi hiyo peke yake, akiwa amejizungushia mabati kama mtu anayeficha maiti. Aliyepita akiuliza alijibu, "Narekebisha kidogo tu." Kidogo tena. Nilichoka na neno hilo.

"Na wale wengine?" nilimuuliza.

"Nikisema, nani ataniita tena kazi?"

"Na usiposema, nani atabaki wa kukuita?"

Alirudi ndani ya mabati yake. Novemba nikaitwa kurudishiwa utumbo ndani. Asubuhi ile, nikiwa nimevaa gauni la kijani la hospitali, nilimshika mkono nikamwambia, "Nisipotoka huko ndani, mwambie Mwalimu." Alitazama ukuta. Nilisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu, na ninakiri kwamba nilikuwa na hasira na mume wangu kuliko nilivyokuwa na hofu ya kisu.

Nilitoka. Mgeni alikuwa ameondoka, mahali pake pameshonwa mshono mbovu ambao mwanafunzi wa cherehani akiushona ningemkata mshahara. Sista Akoth alikuja kila asubuhi na swali moja: "Umepitisha hewa?" Mpaka utumbo upitishe hewa hupewi hata maji. Siku ya nne nilipitisha, wodi nzima ikasikia, sista akapiga makofi na wagonjwa wakanipongeza. Nililia kwa furaha. Kama unangoja siku hiyo, itafika, na hutaona haya hata kidogo.

Desemba, Meza ya Bwana ikaja tena. Safari hii maji ya mabeseni yalikuwa ya mvua, yaliyochemshwa. Nilimwosha Bosibori miguu. Tulikuwa karibu na ukuta wa mbao, na upande wa pili nilisikia beseni likivutwa sakafuni na sauti ya mume wangu ikisema, "Mwalimu, leo nikuoshe mimi."

Maji yalimwagika taratibu. Kisha Makori akasema, na nilijua anasema huku ameinama, "Mwalimu, kuna neno. Tanki niliyokuchimbia haina chini. Inaenda kwa chemchemi. Hata yangu ilikuwa inaenda. Hii kitu ilipata mke wangu na mama yangu imetoka hapo."

Niliacha kuosha. Bosibori alitega sikio.

Mwalimu Ondieki ni mtu wa kuuliza pole pole, alifundisha miaka thelathini. "Makori," akasema, "hiyo ya kwangu ulichimba kabla ya Gesare kuugua, au baada?"

"Kabla, Mwalimu."

"Kabla kiasi gani?"

"Msimu mmoja wa mvua."

Tulisikia maji yakichuruzika. Mwalimu alikuwa ametoa miguu yake kwenye beseni. Nilifumba macho, nikangoja mlango ufunguliwe na aondoke, au beseni lirushwe. Baadaye Makori aliniambia Mwalimu alikaa hivyo, miguu imelowa hewani, akitazama juu ya kichwa chake, kwa muda ambao yeye aliona ni mwaka. Kisha akairudisha miguu majini.

"Maliza," akasema.

Jumapili yake walifungua tanki la Mwalimu pamoja. Tangu hapo Makori amekuwa akipita nyumba kwa nyumba, na Mwalimu huenda naye. Bado wanamwaga pipa la maji kabla ya kufunika, lakini sasa Mwalimu huchora mstari wa chaki ukutani palipo usawa wa maji, na watu hawaendi kula. Wanakaa kuzunguka shimo wakiangalia ule mstari, kesho yake wanarudi, na maji yakiwa bado pale pale ndipo Makori anapumua. Letu lilijaa mwezi uliopita. Gari la kunyonya lilipokuja nilisimama barabarani nikanusa harufu ile mbaya kwa raha kamili.

Lakini wako wanaowafungia mlango. Wanasema Makori amerukwa na akili, au anatafuta kazi ya pili kwenye shimo moja. Mwalimu habishani nao. Husimama pale nje ya geti na chaki yake na kusema kwa sauti ya darasani, "Mke wangu aliitwa Gesare." Kuna wanaofungua wakisikia hivyo. Nyumba saba za ukingo wetu bado hazijafungua, mvua ndefu zimeanza tena juzi, na kule bondeni maji yanatoka kwenye bomba safi kama kioo.